SOMO: REDIO YA UPEPO IKINYAMAZA GARINI

Gari limetoka Mwenge kumfuata mgonjwa kijijini. Limekwama porini, ambako simu haishiki. Dereva anaita kwa redio ya upepo, hajibiwi. Afanye nini?

Kwanza, umeme. Kama taa ya redio haiwaki, zima redio, utazame fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya kipimo kile kile. Usifunge waya mtupu badala yake, gari linaweza kushika moto.

Pili, antena. Taa inawaka lakini husikiki? Kitako cha antena lazima kigusane na bodi ya gari. Rangi na kutu huzuia. Fungua, piga msasa, kaza tena.

Tatu, waya wa antena. Tazama mlangoni, ndipo unapobanwa. Waya wa ndani ukigusana na wavu wa nje, sauti haifiki mbali.

Onyo: usibonyeze kitufe cha kusemea kama antena haijafungwa. Redio inaweza kuungua.

Kagua haya yote kabla ya safari. Mgonjwa hawezi kungoja.

Maswali
1. Kwa nini tusifunge waya mtupu mahali pa fyuzi?
2. Kutu chini ya antena ina ubaya gani?