Damu, Dadu na Lugha: Matoleo ya Dungeons & Dragons Yakipimwa Kalembe

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali moja: mhusika wa mchezo anaipata wapi lugha yake? Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza uliochapishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Wachezaji hukaa pamoja, mmoja huwa msimulizi, wengine kila mmoja huunda mhusika wake, kisha dadu huamua nani amefaulu na nani ameshindwa. Kabla ya hadithi kuanza, kila mchezaji hujaza karatasi ya mhusika: jina, nguvu, ujuzi, silaha na lugha anazozijua.

Mwanaisimu hawezi kupita mstari huo wa lugha bila kusimama. Kanuni inayosema nani anajua lugha gani ni nadharia ya isimujamii, hata kama aliyeiandika hakukusudia hivyo. Mwaka 2024 mchezo ulipata Kitabu kipya cha Mchezaji, na nadharia hiyo ikabadilishwa. Ninaipima hapa kwa kutumia Kalembe, nilikokulia, mpakani mwa wilaya za Masisi na Walikale, kwenye barabara itokayo Mweso kwenda Pinga. Hoja yangu ni kwamba toleo jipya limefanya vema kuitoa lugha kwenye damu, lakini mahali lilipoipeleka bado si mahali pake.

2. Lugha katika matoleo manne

Ulimwengu wa kubuni unaotumiwa zaidi na mchezo huu ni Forgotten Realms, uliobuniwa na Ed Greenwood na kuanza kuchapishwa kama mazingira ya mchezo mwaka 1987. Tangu hapo umeandikwa upya mara kadhaa. Tutazame mara nne.

(a) Mwaka 2001. Mchezaji alichagua mkoa anakotoka mhusika wake, na mkoa ndio uliompa lugha. Ipo pia Lugha ya Wote, ambayo kitabu kinaeleza kuwa ilikua kutokana na pijini ya lugha ya Kichondatha, na kwamba binadamu wote huizungumza kama lugha ya pili. Nadharia: lugha hutokana na mahali.

(b) Mwaka 2008. Orodha ya lugha za mchezo ilipunguzwa hadi 10. Lugha za mikoa hazikuwamo. Nadharia: wingilugha ni mzigo kwa mchezaji, kwa hiyo upunguzwe.

(c) Mwaka 2014. Lugha zilitolewa hasa na mbari ya mhusika. Aliyezaliwa elfi alijua Lugha ya Wote na Kielfi. Aliyezaliwa dwafu alijua Lugha ya Wote na Kidwafu. Historia ya maisha iliweza kuongeza lugha nyingine: msomi, kwa mfano, alipata mbili zaidi. Mwaka 2015 kitabu cha nyongeza kilirudisha lugha za mikoa kwa binadamu. Hata hivyo, mtoto wa elfi aliyelelewa na madwafu tangu uchanga bado alipewa Kielfi na kanuni, hata kama hakuwahi kukisikia. Nadharia: lugha hutokana na damu.

(d) Mwaka 2024. Neno mbari limeondolewa na mahali pake limewekwa neno la kibiolojia, yaani spishi. Wachapishaji, Wizards of the Coast, walikuwa wametangaza mabadiliko hayo Desemba 2022. Spishi haitoi lugha tena. Kila mhusika anajua Lugha ya Wote na nyingine mbili, ambazo mchezaji anazichagua kwenye jedwali au anazipata kwa kurusha dadu yenye pande 12. Lugha ya ishara nayo imeingia kwenye orodha ya kawaida.

Kuna jambo moja la kuangaliwa hapa. Katika toleo hilohilo la 2024, nyongeza za nguvu, wepesi na akili zilihamishwa kutoka kwenye mbari na kuwekwa kwenye historia ya maisha: aliyekuwa mkulima ana nguvu za mkulima, wa ukoo wowote ule. Lakini lugha, ambayo ndiyo hasa mtu huipata kwa kuishi, haikuwekwa huko. Hata zile lugha ambazo historia ya maisha ilikuwa ikitoa mwaka 2014 zimeondolewa. Misuli imepewa historia. Ulimi umepewa dadu.

3. Kipimo cha Kalembe

Upande wa Masisi tuna utemi wa Bashali, kwenye eneo la Kihunde. Upande wa Walikale tuna sekta ya Wanyanga na Kinyanga chao. Kinyarwanda nacho kinasikika Masisi yote; sehemu ya wazungumzaji wake ni vizazi vya watu walioletwa na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kati ya 1937 na 1955, kwa mpango maalumu, ili wakae na kufanya kazi katika milima hii. Juu ya zote kuna Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, na Kifaransa cha ofisi na shule.

Sasa tumjazie karatasi mtoto wa kawaida wa huko. Baba ni Mnyanga, mama ni Mhunde. Mtoto amekaa na bibi mzaa mama miaka mitatu, kwa hiyo Kihunde chake ni kizuri kuliko Kinyanga. Kinyarwanda amekipata kwa wenzake wachungaji na kwa wauza maziwa. Kiswahili amekipata sokoni na shuleni.

Kanuni ya 2014 ingempa lugha ya baba au ya mama kwa sababu ya kuzaliwa, na isingeuliza habari ya bibi. Kanuni ya 2024 ingeweza kumpa lugha hizohizo anazozijua, lakini kwa bahati, bila bibi, bila soko, bila maziwa. Ya kwanza inatoa jibu la uongo; ya pili haiulizi swali. Ni kanuni ya 2001 tu inayokaribia, kwa kuwa ilijua kwamba lugha ina mahali. Ila mkoa ni mkubwa mno, na hapa kwetu nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na lugha tofauti.

Hili si suala la mchezo peke yake. Mwaka 1993 machafuko yalianzia Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi, na tangu wakati huo, kwa vipindi, lugha imetumiwa kama kitambulisho cha damu. Mtu anasikilizwa anavyotamka neno, kisha anawekwa upande. Anayemsikiliza hivyo anafuata, bila kujua, kanuni ya 2014 iliyogeuzwa: ukikijua Kielfi basi wewe ni elfi. Mtoto wetu wa mfano, mwenye lugha nne, angewekwa wapi?

4. Kiambishi ki- na majina ya lugha

Toleo la 2024 limekata uhusiano wa lugha na damu katika kanuni, lakini limeuacha katika majina. Jedwali bado lina lugha ya elfi, ya dwafu, ya orki. Mchezaji anaweza kuchagua Kiorki bila kuwa orki, lakini jina linaendelea kumkumbusha wenyewe ni akina nani.

Hapa lugha za Kibantu zina somo la kutoa. Shina -hunde linavaa viambishi tofauti: Mhunde ni mtu, Wahunde ni watu, Kihunde ni lugha. Kiambishi ki- hakitaji mtu. Tunakikuta pia katika kuvaa kizee, kucheza kitoto, kupika kisasa, kutibu kienyeji. Maana yake ni namna ya kufanya jambo. Anayecheza kitoto si lazima awe mtoto. Vilevile Kihunde, kwa muundo wake wa ndani, ni namna ya kusema, na namna ya kusema hufundishika. Sarufi imetenganisha mtu na usemi wake kabla hatujaingia kwenye mabishano.

Lakini sarufi haitoshi. Chukua Kinyarwanda: ndani ya jina mna -nya-, yenye maana ya kuhusika na mahali, kisha jina la nchi. Kwa hiyo anayekizungumza Masisi husikika kana kwamba anasema “nimetoka Rwanda”, hata kama babu wa babu yake amezikwa Masisi. Sasa chukua Kiswahili. Nacho kimejengwa juu ya neno la mahali, sawahil, yaani pwani kwa Kiarabu. Hakuna mtu Kalembe aliyewahi kuambiwa arudi Mombasa kwa sababu anasema Kiswahili. Muundo wa majina haya mawili ni karibu sawa. Hukumu ni tofauti kabisa. Kwa hiyo hukumu hiyo haitoki ndani ya neno. Inatoka kwa msikilizaji.

5. Pendekezo la istilahi

Kanuni za msingi za toleo jipya zilitolewa Aprili 2025 kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutafsiri. Kitivo chetu kinaweza kuifanya kazi hiyo. Ninapendekeza yafuatayo.

Tusitumie kabila kwa spishi. Huku kwetu neno hilo lina uzito ambao hakuna mchezaji anayeuhitaji mezani. Spishi ni neno kavu, lakini halimgusi jirani. Tusitumie pia mbilikimo kwa dwafu: huko Walikale neno hilo huwaangukia Wambuti na Watwa, nao si viumbe wa hadithi. Elf tuliandike elfi, maana elfu ni hesabu.

Kuhusu lugha, tafsiri ibaki mwaminifu kwa kanuni, lakini tuongeze ukurasa mmoja kwa wachezaji wetu. Kwa kila lugha iliyo kwenye karatasi, msimulizi aulize maswali matatu: Ulijifunza kwa nani? Mlikuwa mkifanya nini? Ukiizungumza leo, nani anafurahi na nani anaogopa? Swali la tatu ndilo litakalozaa hadithi.

6. Hitimisho

Vitabu vya mchezo vimeisaka asili ya lugha mkoani, katika damu, kisha kwenye dadu. Kalembe inaonyesha kwamba lugha huja kwa njia: barabara, ndoa, malezi, soko, kuhamishwa. Njia hiyo inaweza kusimuliwa, na anayeisimulia ni mzungumzaji mwenyewe.

Maswali ya mjadala: (i) Orodhesha lugha zako, na kwa kila moja mtaje mtu mmoja aliyekupa. (ii) Toleo la 2024 limeondoa nusu-elfi na nusu-orki kwenye orodha ya wahusika. Je, mtoto wa nyumba mbili amepata uhuru zaidi, au amefutwa?