Lori la Majani Lisilale Njiani: Kuweka Hesabu ya Matengenezo kwa Simu au Kompyuta

Wenye mashamba ya chai katika Kericho na Bomet wanajua kuchuma majani mawili na kichipukizi, wanajua kupogoa, na wanajua wakati wa kutia mbolea. Lakini iko kazi moja ambayo wengi hudhani si yao, nayo ni kuyatunza magari yabebayo majani. Chama chenye malori matatu na trekta moja kina mali kubwa mkononi, na mara nyingi mali hiyo hutunzwa kwa kukumbuka-kumbuka tu.

Kwanza tutazame hasara inatoka wapi. Jani la chai likisha kuchumwa halijafa. Lingali linapumua, na katika kupumua hutoa joto. Likishindiliwa guniani, au likilala ndani ya lori lililokwama, joto hukosa pa kutokea, na jani huanza kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani. Jani la namna hiyo halifanyi chai nzuri. Kwa kuwa kilo 1 ya chai kavu hutaka kilo 4 au 5 hivi za majani mabichi, lori lenye kilo 4,000 likiharibikiwa usiku kucha, chai ya kilo 800 hadi 1,000 imo hatarini. Na pengine kilichokatika ni mkanda wa feni tu, ambao wiki iliyopita ungebadilishwa kwa muda mfupi.

Gari halifi ghafula kama watu wasemavyo. Januari na Februari barabara zetu zina vumbi jekundu, na vumbi hilo huziba chujio la hewa. Dereva huona lori limepungua nguvu kilimani na linakunywa mafuta mengi, lakini kwa kuwa bado linakwenda, hasemi neno. Kisha zaja mvua za masika. Matope huingia kwenye viungo na kuosha grisi, na chuma husaga chuma. Breki nazo huliwa upesi, maana kutoka vituo vya milimani lori lililojaa huteremka likizuiwa njia nzima. Tarehe 30 Juni 2023, trela liliacha njia pale makutano ya Londiani na watu zaidi ya 50 wakafa. Yeyote aliyesikia habari za siku ile anajua uzito wa gari lisilozuilika, wala hahitaji kuambiwa kwa nini breki zisingojee mpaka zilie.

Basi kila kifaa kina muda wake, na muda hupimwa kwa njia tatu. Lori hupimwa kwa kilomita. Trekta hupimwa kwa saa ambazo injini imefanya kazi, kwa sababu trekta laweza kutumika siku nzima shambani bila kwenda mbali. Mambo mengine, kama bima na ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya biashara, hupimwa kwa tarehe. Tazama kitabu kilichokuja na gari upate muda wa kila kitu. Usichukue muda wa gari la jirani.

Hapo ndipo simu au kompyuta inapofaa. Mkulima amekwisha kuona kazi yake kwenye mizani ya elektroniki kituoni, inayoandika kilo zake bila kusahau, na katika ujumbe wa M-Pesa, ulioanza nchini mwaka 2007, unaoonyesha tarehe na salio. Hesabu ya gari ni vivyo hivyo, ila salio lake ni kilomita zilizobaki.

Karani afungue jedwali katika programu ya hesabu, hata ile iliyomo kwenye simu. Kila kazi ya kila gari ipewe mstari wake. Safu ya kwanza iwe namba ya gari, ya pili kazi yenyewe, ya tatu kilomita zilizosomwa kazi hiyo ilipofanywa mwisho, ya nne muda wake, ya tano kilomita za leo. Programu ifundishwe kujumlisha ya tatu na ya nne, kisha kutoa ya tano. Jibu ni salio. Likishuka chini ya 500, mstari ugeuke mwekundu.

Tuchukue mfano. Lori limebadilishwa oili tarehe 10 Januari likiwa na kilomita 84,200, na kitabu chake chasema kila kilomita 5,000. Basi zamu ijayo ni 89,200. Ikiwa lori huenda kilomita 60 kwa siku, siku sita kwa wiki, litafika huko baada ya siku 83 za kazi, yaani karibu tarehe 17 Aprili. Lakini Aprili mvua zimeshika, majani ni mengi, na hakuna lori la kukaa gereji. Programu haijui hayo. Karani ndiye ajuaye. Na afanye kazi hiyo katikati ya Machi. Oili itakuwa bado na nguvu kidogo, ndiyo, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko siku moja ya majani kulala.

Jedwali zima husimama juu ya dereva. Asiposoma mita kila jioni na kumpa karani hesabu, programu itasema kweli juu ya hesabu za uongo. Mita iliyokufa itengenezwe kwanza kabla ya yote. Kuna vyombo vya satelaiti vinavyopeleka kilomita vyenyewe, navyo ni vizuri, ila vina ada ya kila mwezi. Kwa maoni yetu chama chenye malori matatu hakina haja navyo, wala hakina haja ya kununua programu kubwa ya magari. Kikifika magari kumi na karani akaonekana kushindwa, hapo kifikirie.

Andikeni pia bei na tarehe ya kila spea. Wajumbe wengine hawapendi safu hii. Lori likionekana limenunuliwa betri tatu katika mwaka mmoja, mkutano utauliza, na ni haki yao wanachama kuuliza: ama kuna hitilafu katika umeme wa gari, ama betri zinakwenda kwingine.

Simu huanguka majini na kuibwa. Nakala ya jedwali ikae katika simu ya mweka hazina pia, na kila mwisho wa mwezi ichapwe na kubandikwa kituoni, mahali ambapo wachumaji na madereva wote huisoma wakingoja mizani.