Mkao wa Gari Dogo kwa Mfuko Mwembamba

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kusimama kando ya barabara kuu hapa Nakuru ukaona gari dogo likipita, tuseme Vitz au Demio, nawe ukageuza shingo pasipo kujua kwa nini. Halina rangi ya ajabu wala halipigi kelele. Limekaa vizuri tu. Magurudumu yamejaa mahali pake, bodi haikuinuka kama kuku aliyenyeshewa, wala halikuinamia upande mmoja. Vijana wa mtaani huiita hali hiyo "stansi". Sisi wa Chama cha Kiswahili hatuna haja ya kukopa, maana neno tunalo: mkao.

Makala haya si ya matajiri. Mwenye pesa huagiza springi fupi pamoja na shokomzoba zake (fundi atakwambia "shoki" na mimi nitasema hivyo hivyo), zikaletwa ndani ya sanduku, mambo yakaisha. Mimi namsemesha yule mwenye injini ya lita moja, shilingi elfu thelathini, na barabara ya mawe inayomngoja nyumbani. Wenzangu msicheke mkisema, "Sisi magari tutayatoa wapi?" Wengi wetu tutashika spana kabla ya kuketi katika ofisi yoyote, na tena fizikia ya Kidato cha Pili imejaa humu tele.

Mkao ni mambo matatu yanayoshikana. Kuna kimo, yaani bodi imekaa juu kiasi gani. Kuna nafasi ya gurudumu chini ya tao la bodi: limezama ndani, limelingana na ukingo, au limetokeza nje. Halafu kuna mwinamo, gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Ukigusa moja, mengine mawili hayakai kimya. Hapo ndipo watu wengi hupotelea, kwa sababu hugusa kimo peke yake.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Twaa utepe wa seremala, ulipeleke gari mahali palipo tambarare kabisa (sakafu ya kituo cha petroli inafaa sana ukiomba kwa adabu), kisha upime kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa tao. Usipime kutoka chini, maana tairi lenye upepo mchache litakudanganya. Andika hesabu zote nne. Ikiwa kushoto na kulia kumepishana zaidi ya milimita 10 hivi, gari lako halitaki urembo, linataka matibabu. Springi moja imechoka, au raba ya juu ya shoki imelika, au mtu aliwahi kubadilisha upande mmoja akaacha mwingine.

Nitatoa mfano wa gari ninalolijua. Mjomba wangu ana Vitz ya mwaka 2008 ambayo hubeba mayai kutoka upande wa Bahati hadi madukani mjini. Karo ya binamu yangu, na sehemu ya yangu mimi, hutoka ndani ya buti ya gari hilo, kwa hivyo nyumbani kwetu jambo la mkao si mchezo. Binamu alitaka lishushwe. "Gari ikikaa chini ndiyo inaonekana gari," akasema. Mjomba alitaka liinuliwe, kwa sababu ya matope ya mwezi wa nne. "Na mayai yakipasuka, utakula hiyo stansi?" Tulipolipima, mbele kulia tulipata milimita 365 na kushoto 380. Miaka ya dereva kukaa upande mmoja, pengine bila abiria, ilikuwa imeonekana kwenye utepe.

Sasa tuanze na njia anayoipenda binamu. Fundi mmoja alimwambia kwamba kwa shilingi elfu mbili na nusu saa hivi atakata mzunguko mmoja wa kila springi kwa grinda. Je, ni vibaya? Tufanye hesabu badala ya kuogopa. Chukua springi yenye urefu wa milimita 360 ikiwa haina mzigo, na mizunguko 6 inayofanya kazi. Tuseme inahitaji kilo 2 ili ibonyee milimita moja. Kona ya mbele ya gari ikiilalia kwa kilo 300, itabonyea milimita 150, ibaki 210. Hiyo ni kanuni ya Hooke, hakuna jipya.

Kata mzunguko mmoja. Urefu unashuka hadi 300. Lakini waya uliobaki ni mfupi, na springi yenye waya mfupi ni ngumu zaidi: ugumu hupanda kutoka 2 hadi 2.4, yaani sita juu ya tano. Kilo zile zile 300 sasa zinaibonyeza milimita 125 tu, inabaki 175. Kwa hivyo umekata milimita 60, lakini gari limeshuka 35. Fundi asiyejua hesabu hii hushangaa kuona halikushuka alivyotarajia, akakata tena.

Ugumu kupanda kidogo si dhambi, hata springi fupi za kiwandani hufanywa ngumu makusudi. Tatizo liko penginepo. Shoki haikukatwa. Gari likiinuliwa kwa jeki, au gurudumu likitumbukia shimoni, shoki hunyooka hadi mwisho wake wa zamani, na springi iliyofupishwa huenda isiufikie. Hulegea, ikacheza, ikatoka kwenye kiti chake, kisha gurudumu likipanda tena springi hurudi imekaa upande. Nalo likishuka kwenye tuta, nafasi ya kubonyea imepunguzwa, shoki inagonga raba ya mwisho mara kwa mara na kufa mapema. Chini ya injini kuna sampu ya oili. Jiwe moja la njia ya kijijini likiipasua na dereva asitambue, injini inakwama, na mayai hayatakuwa jambo la kulilia tena.

Wako pia wanaochoma springi kwa gesi ya welda hadi iwe nyekundu, ijilalie yenyewe. Hii naikataa bila kuzungusha maneno. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani na kupozwa kwa kipimo ili kiwe na uwezo wa kurudi. Ukikipasha moto ovyo unakiondolea uwezo huo, nacho kitaendelea kushuka kila mwezi, kila upande kwa kiasi chake.

Njia ya mjomba nayo ina majaribu yake. Neno "spesa" hapa kwetu lina maana mbili, na usipouliza utauziwa isiyo yako. Kuna spesa ya kuinua, inayowekwa juu ya shoki au kwenye springi, na kuna spesa ya kupanua, inayowekwa nyuma ya gurudumu. Ile ya kuinua, ikiwa ni ya chuma au alumini iliyochongwa vizuri na kufungwa juu ya shoki, huinua gari bila kubadilisha ugumu wa springi. Ile raba inayosukumwa katikati ya mizunguko ni jambo jingine: inaizuia mizunguko hiyo isifanye kazi, na umeshajua springi yenye mizunguko michache huwaje. Abiria watakwambia wenyewe wakifika. Zaidi ya hayo, kila milimita unayoinua huzikunja shafti za mbele kwa pembe kali zaidi, na viungo vyake huanza kulia "ka-ka-ka" unapokata kona. Kwa maoni yangu milimita 20 au 25 zatosha gari dogo. Ukiona Vitz imeinuliwa mpaka unaliona gurudumu la upande wa pili, ujue mwenyewe angenunua pikapu.

Hebu nikwambie jambo linalonifurahisha. Vitz lilikuwa jina la Japani. Kwingineko duniani gari hilo liliuzwa kama Yaris, na tangu mwaka 2020 Japani yenyewe imeliacha jina la Vitz. Sasa, Safari Rally ilipoingizwa tena katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, iliyoshinda ni Yaris ya Sébastien Ogier. Mwaka 2022 akashinda Kalle Rovanperä, 2023 Ogier tena, 2024 Rovanperä tena, 2025 Elfyn Evans, na wote walikuwa ndani ya Yaris. Kweli, gari la mashindano halina undugu mwingi na lile la mjomba ila sura na jina. Lakini tazama mkao wake kule Soysambu au Sleeping Warrior: limeinuka, lina rimu za inchi 15 na matairi yenye ukuta mnene. Likipelekwa Ulaya kushindana kwenye lami, wenyewe hulishusha, wakalivika rimu za inchi 18 na matairi yenye ukuta mwembamba. Mafundi wale wale, gari lile lile. Kumbe hata kwao mkao mzuri huamuliwa na barabara, nao hawana shida ya pesa kama sisi.

Kwa hivyo nyumbani tulikubaliana gari lisishuke wala lisipande, ila lirudi mahali lilipozaliwa. Mjomba alinunua shoki mbili za mbele kwa 9,000, springi mbili za mbele zilizotumika lakini zenye nguvu kwa 5,000, raba za juu na bushi za mikono ya chini kwa 3,000. Vitu hivi hununuliwa kwa jozi daima. Kisha 2,000 za kulinganisha magurudumu kwa mashine, jambo ambalo wengi huliruka ili kuokoa pesa, halafu matairi mapya yanalika upande wa ndani kwa miezi michache. Kila ukifungua shoki ya mbele mwinamo wa gurudumu na uelekeo wake huhama, hata kama kimo hakikubadilika. Jumla ni 19,000. Binamu akapewa elfu moja ya rangi: akavua vifuniko vya plastiki, akasugua rimu za chuma kwa msasa, akazipaka nyeusi. Tulipopima tena, kulia 379, kushoto 381. Jirani mmoja aliuliza kama tumebadilisha gari.

Zimebaki elfu kumi, na binamu amezitengea rimu za alumini za inchi 15, zile zilizotumika. Bado hazitoshi, lakini amekwisha kupiga hesabu nami nimezikagua. Gari huvaa tairi la 165/70 kwenye rimu ya 14. Namba ya pili ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 70 ya 165, yaani milimita 115.5. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya milimita 355.6, unapata kimo cha 586.6. Tairi la 185/55 kwenye rimu ya 15 linatoa 584.5. Tofauti ni milimita 2 tu, kwa hivyo kipimo cha mwendo hakidanganyi, na bado gurudumu linaonekana kubwa na limejaa chini ya tao. Binamu alitaka 195/50, ambalo ni 576. Hilo lingeushusha mwili wa gari milimita 5 tu, lakini lingempunguzia ukuta unaolinda rimu dhidi ya mashimo. Amekubali 185.

Kuhusu nafasi, tazama nyuma ya rimu, utaona herufi ET na namba. Ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusana na kitovu cha gari. Namba ikipungua, gurudumu hutoka nje. Mathalani, ukiacha rimu yenye upana wa inchi 5.5 na ET45 ukachukua ya inchi 6.5 na ET38, ukingo wa nje unasogea nusu ya inchi iliyoongezeka, 12.7, pamoja na 7 za tofauti ya ET: karibu milimita 20. Upande wa ndani unaingia karibu 6 kuelekea shoki. Pima kama nafasi hizo zipo, ukiwa umegeuza usukani mpaka mwisho, na watu wakiwa wameketi nyuma.

Vitz, Demio na Honda Fit zote zina matundu manne kwenye duara la milimita 100, ndiyo sababu muuzaji atakwambia, "Hii inaingia zote." Lakini tundu la katikati ni 54.1 kwa Vitz na Demio, 56.1 kwa Fit. Rimu ya Fit itaingia kwenye Vitz ikiwa na uwazi, nawe utahisi usukani ukitetemeka mwendo ukipanda. Dawa yake ni pete ndogo ya kuziba nafasi hiyo. Rimu ya Vitz kwenye Fit haikai kabisa. Na ukitumia spesa ya kupanua, hesabu mizunguko ya nati kwa mkono kabla ya kukaza. Boliti za Toyota ni za milimita 12, kila mzunguko mmoja ni milimita 1.5, na nati inafaa ishike urefu usiopungua unene wa boliti: mizunguko 8. Ikishika mitano, itoe hiyo spesa. Kaza kwa kuruka, nati ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, gari likiwa bado halijakanyaga chini kwa uzito wote, na ukishaendesha kilomita kama hamsini rudi uzikaze tena.