Ua Linalonuka: Msamiati wa Harufu na Ua la Mzoga

Katika Kiswahili, vitenzi nuka na nukia vina mzizi mmoja ila vimegawana kazi. Kilichooza hunuka, ua hunukia. Kiambishi cha kutendea, ambacho kwa kawaida huongeza mtendewa, hapa kimegeuza ubaya kuwa uzuri. Aghalabu mzungumzaji hatatiziki, kwani asumini, waridi na kilua yote yako upande mmoja. Tatizo huzuka katika bustani za mimea unapochanua mmea uitwao Amorphophallus titanum.

Asili yake ni misitu ya Sumatra, Indonesia, na ni wa ukoo mmoja na nduma zetu. Mtaalamu Mwitaliano, Odoardo Beccari, aliukuta huko mwaka 1878. Ulichanua katika bustani ya Kew, London, mwaka 1889. Hukaa miaka mingi bila kuchanua, kisha huchanua kwa siku moja au mbili tu, ndipo watu wakamiminika: mwaka 1926 umati uliofurika Kew ulisababisha polisi kuitwa. Wengine huambulia patupu. Mwaka 2015, katika bustani ya Chicago, mmea uliopewa jina Spike ulisubiriwa kwa hamu usifunuke, hadi wataalamu wakaufungua kwa mikono.

Unapofunuka, mhimili wake wa katikati hupata joto linalokaribia la mwili wa binadamu na kueneza harufu inayowahadaa nzi na mbawakawa wapendao mizoga. Waandishi wa Kiingereza huieleza harufu hiyo kwa kulinganisha: samaki waliooza, soksi zenye jasho, nyama mbovu. Kiswahili hakihitaji mzunguko huo. Kina shombo, kutuzi na uvundo, kila neno na chanzo chake.

Jina nalo lina mjadala. Waindonesia husema bunga bangkai. Anayefasiri kupitia Kiingereza huenda akachagua “ua la maiti”, lakini maiti ni binadamu aliyefariki, anayestahili sanda na mazishi. Bangkai ni mzoga, na mzoga ndio autafutao nzi. Ua la mzoga ni tafsiri sahihi zaidi, hata kama masikio hayajaizoea.

Hata hivyo, mpaka kati ya nuka na nukia si thabiti kama sarufi inavyodai. Indoli, mojawapo ya kemikali zilizomo katika uvundo huo, imo pia katika asumini.