Somo: Sheria ya Choo na Mafundisho ya Choo

Wapendwa, mwezi huu twajiuliza: afya ya watu huletwa na sheria au na mafundisho?

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vyake, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hayo yalifanywa na mafundisho.

Uingereza mambo yalikwenda vingine. Kwa miaka mingi watu walihimizwa kufunga mkanda garini, na walio wengi hawakufunga. Sheria ilipoanza tarehe 31 Januari 1983, mara watu kama 9 kati ya 10 wa viti vya mbele walifunga. Lakini tuangalie vema: mkanda ulikuwa umo garini tayari. Ilibaki kunyosha mkono tu.

Turudi kwetu. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianza Kinondoni mwezi wa Agosti, kikaenea Temeke na Ilala, kisha mikoa mingi. Sheria ya Afya ya Jamii ilikuwapo tangu 2009. Na mafundisho? Hata mtoto wa darasa la pili ajua kwamba kinyesi huleta kipindupindu. Hata hivyo masika ikinyesha, usiku wenzetu hutapisha vyoo, mvua ichukue uchafu hadi kisimani kwa jirani. (Tukiri, si wenzetu peke yao.)

Kwa nini? Nenda Tandale au Mtoni uone. Nyumba zimebanana, gari la kunyonya majitaka halipiti. Likipita, mpangaji asema choo ni cha mwenye nyumba. Mwenye nyumba asema wanaokijaza ni wapangaji. Bwana afya akija na faini, shimo bado limejaa.

Temeke wamekuwako vijana wanaotumia pampu ya mkono na pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo huingia vichochoroni. Hicho ndicho kilichokosekana. Tusome Kumbukumbu la Torati 23:12-13: Waisraeli hawakuagizwa kufukia uchafu wao tu, waliagizwa pia kuchukua chombo cha kuchimbia.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:

1. Mtaani kwenu gari la majitaka huishia wapi?

2. Katika nyumba mnayokaa, nani hulipa choo kikijaa? Mlipatana lini?