Mbao zimepanda bei: ujenge banda sasa au usubiri zishuke?



Swali ninaloulizwa sana na vijana siku hizi si la mbolea wala mbegu. Ni hili: "Bwana shamba, mbao ziko juu. Nijenge banda sasa hivi, au nisubiri zishuke?" Anayeuliza ameshaweka oda ya vifaranga, au ana mbuzi wanaolala kwenye tope. Hela anayo, lakini haitoshi kama alivyopanga mwaka jana. Leo tulichambue, maana ukilijibu kwa kubahatisha unaweza kupoteza msimu mzima.

Jibu langu fupi: angalia kwanza nini kimepandisha bei. Kuna bei inayopanda ikarudi ndani ya miezi, na kuna bei inayopanda kwa sababu miti iliyokomaa ni michache. Hiyo ya pili hutaimaliza kwa kusubiri miezi mitatu.

Bei iliyopanda ikashuka: Marekani, 2020 hadi 2022

Wenzetu Marekani wanajenga nyumba nyingi kwa mbao, hivyo bei yake hufuatiliwa kila siku kwenye soko la Chicago. Kipimo chao ni futi 1,000 za ubao, ambazo ni kama vipande 125 vya 2x4 vyenye urefu wa futi 12. Corona ilipoingia mwanzoni mwa 2020, viwanda vya kupasua mbao vilipunguza kazi vikidhani ujenzi utasimama. Ikawa kinyume. Watu walikaa nyumbani, riba ya mikopo ikawa ndogo, kila mtu akataka kujenga au kukarabati. Mei 2021 kipimo kile kikavuka dola 1,600, wakati kabla ya hapo dola 400 zilikuwa bei ya kawaida.

Ikafikia Agosti mwaka huohuo bei iko chini ya dola 600. Kwa nini ilirudi haraka? Miti ilikuwepo imesimama msituni. Kilichokwama ni upasuaji. Viwanda vikaongeza kazi, na wanunuzi wengi wakaahirisha ujenzi. Lakini zingatia hili: mwanzoni mwa 2022 ikapanda tena ikavuka dola 1,300, kisha ikashuka tena kabla mwaka haujaisha. Hata kwenye soko lenye takwimu za kila siku, wengi walikosea kubashiri.

Bei isiyoharakishwa: huku kwetu

Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Mashine za kupasulia zipo, hata zile ndogo za kuhamishika. Kinachobana ni miti iliyokomaa, barabara na mafuta ya lori.

Chukua Kenya. Februari 2018 serikali ilisimamisha uvunaji kwenye misitu ya umma na ya jamii. Zuio lilianza kama la siku 90, likaongezwa tena na tena, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa Julai 2023. Miaka yote hiyo wafanyabiashara wa kule walitafuta mbao nje, ikiwemo huku Tanzania. Mnunuzi akiongezeka Mafinga au Njombe, wewe wa Morogoro au Dodoma unalisikia kwenye bei, hata kama hujawahi kufika Kenya.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe. Paini ya mbao nzuri inahitaji kama miaka 18 hadi 25. Wakulima wengi wadogo wa Nyanda za Juu Kusini wanakata mapema zaidi, wengine miaka 8 au 10, kwa sababu ada ya shule imefika au kuna mgonjwa. Siwalaumu. Ila mti uliokatwa na miaka 9 leo ndiyo mbao pana na imara ambayo hutaipata miaka kumi ijayo. Uhaba wa namna hii hauondolewi na mashine wala tamko.

Halafu kuna safari. Kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda duniani, hadi serikali yetu ikaanza kutoa ruzuku ya mafuta mwezi Juni, kila kitu kilichobebwa na lori kilipanda nacho. Mbao ni mzigo mkubwa, nauli yake hujificha ndani ya bei.

Kwa hiyo zitashuka lini?

Nitasema ninavyoona mimi. Kushuka kwa msimu kupo, na unaweza kukutumia. Kurudi kwenye bei ya miaka mitano iliyopita, usikupangie maisha.

Msimu unakwenda hivi. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua za Nyanda za Juu Kusini zinaharibu barabara za msituni. Lori linakwama, mzigo unapungua, bei inapanda, na mbao nyingi zinafika mbichi. Mvua zikikatika, mwezi Mei na Juni, barabara zinakauka na mzigo unatoka. Ikifika Julai hadi Oktoba watu wamevuna, hela ipo, kila mtu anaezeka, mafundi hawashikiki. Dirisha lako basi ni pale njia zimefunguka na hela ya mavuno bado haijaingia mtaani. Usinichukulie kama nabii: andika bei ya 2x4 na 2x2 ya mji wako kila mwisho wa mwezi kwenye daftari. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na takwimu zako mwenyewe.

Piga hesabu ya kusubiri

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanahesabu bei ya mbao, hawahesabu banda ambalo halijafanya kazi.

Tuchukue namba za mfano, wewe uweke za kwako. Banda la kuku wa nyama 300, mita za mraba 30. Mbao zake tuseme shilingi 800,000. Unasubiri miezi sita, bei inashuka asilimia 15. Umeokoa 120,000.

Sasa upande wa pili. Mkupuo mmoja wa kuku ni wiki 6, ongeza 2 za kusafisha na kupumzisha banda, jumla wiki 8. Miezi sita ni mikupuo mitatu. Kila kuku akikuachia faida ya shilingi 800 tu, mkupuo mmoja ni 240,000, mitatu ni 720,000. Hata mkupuo mmoja ukikuletea sifuri, bado 480,000 ni kubwa kuliko 120,000.

Lakini hesabu hiyohiyo inaweza kukuambia usubiri. Kama unakopa, riba iingize kwenye gharama ya kujenga sasa. Kama mnunuzi wa kuku hujampata, banda la sasa ni mbao zilizolala. Na kama unachotaka ni ghala la mahindi na hela haitoshi, mifuko ile isiyopitisha hewa itakuhifadhia nafaka msimu huu bila kununua hata ubao mmoja. Kwa kifupi: kinachoingiza hela, jenga, cha kupendezesha shamba, kisubiri.

Ukiamua kujenga, zingatia haya

1. Nenda na futikamba. Mbao inayoitwa 2x4 ikiwa kweli ni inchi 1 na robo tatu kwa inchi 3 na robo tatu, umepoteza karibu asilimia 18 ya ubao. Hilo nalo ni ongezeko la bei, ila halitangazwi.

2. Kagua ubao. Mistari ya ukuaji iliyoachana sana, vifundo vingi na wepesi usio wa kawaida ni dalili ya mti mchanga. Utapinda. Mbao mbichi zipange kivulini, ukiweka vipande vyembamba katikati ili hewa ipite, ndipo ujenge.

3. Okoa panapookoleka. Banda la kuku halihitaji mbao ukutani kote. Ukuta wa tofali futi 2 hadi 3, juu wavu, unatosha sehemu zenye joto. Kwenye kuta za ndani tumia mabanzi. Urefu wa banda uende kutoka mashariki hadi magharibi ili jua lisiingie ndani.

4. Usiokoe kwenye kenchi, kwenye nguzo zinazogusa udongo, wala kwenye sakafu ya mbuzi. Paa likiondoka na upepo, bei ya mbao za kurudishia haitakuuliza hali.

5. Mchwa ndio wanaokufanya ununue mara mbili. Nguzo za chini ziwe zilizotiwa dawa kiwandani, au zikae juu ya zege. Oili chafu usipake ndani ambako mifugo watalamba au kudonoa. Vipande vya mbao zenye dawa usitengenezee vyombo vya chakula, wala usipikie.

6. Dai risiti, na kama unabeba mzigo mwenyewe kutoka msituni, hakikisha una kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Mbao ya bei poa isiyo na karatasi inaweza kuishia kizuizini pamoja na nauli yako.

7. Hela ikiwa nusu, jenga nusu. Banda la kuku 150 lenye ukuta wa mwisho unaoweza kubomolewa na kuongezwa ni bora kuliko msingi wa kuku 300 uliootea nyasi.

Na upande wa kuuza

Bei inayokuumiza wewe mnunuzi ni soko la mtu mwingine. Kama una eneo lisilofaa mahindi, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 eka moja inachukua miti kama 450. Milingoti ya nguzo nyembamba unaweza kuanza kuvuna miaka 6 hadi 8, ila usiipande karibu na chanzo cha maji. Paini ni ya subira: pogoa, punguza, weka njia ya kuzuia moto. Asiye na eneo apande mgrevilea mpakani. Ukiwa na miaka 25 leo, miti hiyo itakukuta na 43, wakati mwanao anahitaji ada na wewe unahitaji kenchi za banda jipya. Usiikate na miaka 9.

Wiki hii fanya kazi moja tu: chora banda lako, orodhesha mbao kwa saizi na idadi, uliza bei sehemu tatu, kisha linganisha na kile ambacho banda lingekuingizia kwa miezi utakayosubiri. Namba ikishakaa kwenye karatasi, jibu utalipata mwenyewe.

Kazi njema.