Seva ya Nyumbani ya Filamu na Gemu: Vidokezo 9 Kabla Hujanunua

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayobaki imewashwa usiku na mchana, imebeba filamu, picha na gemu za familia nzima. Mama anaangalia tamthilia kwenye runinga sebuleni, kijana yuko chumbani na simu yake, na wote wanachota kwenye diski moja. Wengi wanaoanza hukimbilia kadi kubwa ya grafiki wakiamini itamaliza kila kazi. Lakini kugeuza video na kuendesha gemu ni kazi mbili, na kila moja ina kifaa chake. Ukizitenganisha mapema, utanunua kidogo na utafurahia zaidi.

1. Punguza kwanza kazi ya kugeuza

Kugeuza video, ambako mafundi hukuita kutranskodi, ni pale seva inapoifungua filamu na kuiandika upya papo hapo kwa sababu kifaa cha mtazamaji hakiwezi kuicheza ilivyo. Chanzo huwa kodeki (mfumo wa kubana video) isiyojulikana na runinga, intaneti ndogo, rangi za HDR kwenye skrini ya kawaida, au maandishi ya tafsiri yaliyohifadhiwa kama picha, mfano yale ya PGS yanayotoka kwenye diski za Blu-ray. Filamu ya H.264 yenye sauti ya AAC huchezwa na karibu kila simu na runinga, na seva huituma tu bila kutoka jasho. Kabla hujatoa hata shilingi, cheza filamu zako chache kisha fungua ukurasa wa usimamizi wa programu ya seva ya filamu, Jellyfin au Plex. Utaona filamu ipi inageuzwa, na kwa nini.

2. Soma namba ya prosesa kabla ya kuuliza bei

Tangu mwaka 2011, prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya video iitwayo Quick Sync. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kugeuza, huku prosesa yenyewe ikipumua. Uwezo wake hutegemea kizazi. Chukua i5-6500 na i5-7500: zinafanana sana, lakini ya pili, ya kizazi cha 7, inasoma na kuandika kodeki ya HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo hutumika kwenye filamu nyingi za 4K. Ya kwanza inaishia biti 8. Ukitaka kusoma na kodeki ya AV1, anzia kizazi cha 11.

Kwa hiyo zile kompyuta ndogo za ofisini zinazouzwa zikiwa zimeshatumika, kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny, ni mali safi, ilimradi uchague kizazi cha 8 kwenda mbele. Yenye i5-8500T ina koo (core) sita na inatosha kabisa kwa nyumba yenye watazamaji kadhaa.

3. Angalia na herufi ya mwisho

Herufi F, kama kwenye i5-12400F, maana yake prosesa haina grafiki ya ndani. Hakuna grafiki, hakuna Quick Sync. Bei yake huvutia, lakini kwa seva ya filamu utalazimika kununua kadi juu yake. Herufi T ni habari njema: hiyo imetengenezwa kutumia umeme mdogo.

4. Kwa filamu peke yake, N100 inatosha

Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ina koo nne na imepangiwa wati 6 tu. Inasoma H.264, HEVC na AV1, na inaweza kugeuza filamu ya 4K kwa ajili ya simu bila kukwama. Kama hapo kwako hakuna anayetaka gemu nzito, ishia hapa. Fedha iliyobaki iende kwenye diski.

5. Usidhani kila kadi ya grafiki inaandika video

AMD RX 6400 na RX 6500 XT za mwaka 2022 zinacheza gemu, lakini hazina kabisa sehemu ya kuandika video, kwa hiyo kwenye seva ya filamu hazikusaidii kugeuza. GTX 1650 ya kwanza, ya mwaka 2019, ilitoka na sehemu ya video ya kizazi cha nyuma, ilhali GTX 1650 Super ilipewa mpya yenye picha safi zaidi. Unatafuta kadi ndogo ya video tu? Intel Arc A380 inaandika hadi AV1. Fahamu pia kwamba Plex hudai usajili wa kulipia ili itumie vifaa hivi kugeuza video. Jellyfin ni bure.

6. Jiulize: unataka gemu ya namna gani?

Kuna seva inayotunza ulimwengu wa gemu ili marafiki waingie, kama Minecraft, na kuna seva inayochora gemu yenyewe na kuirusha kwenye runinga. Ya kwanza haihitaji kadi ya grafiki hata kidogo. Minecraft hupiga mapigo 20 kwa sekunde, yaani kila pigo lina milisekunde 50 za kumaliza kazi yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na koo moja. Ndiyo maana prosesa yenye koo chache zenye kasi huishinda mashine kuukuu ya Xeon yenye koo nyingi za polepole. Ongeza RAM ya kutosha, na watoto wa mtaa mzima watajenga humo.

7. Kadi ya gemu na grafiki ya filamu, kila moja na zamu yake

Kwa gemu za kurushwa, weka programu ya Sunshine kwenye seva na ya Moonlight kwenye runinga au simu. Hapa ndipo kadi ya NVIDIA inapolipa: kazi ya kuandika picha ina sehemu yake pembeni, kwa hiyo gemu haipunguzi kasi sana.

Ukitumia kompyuta pepe, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva, kupitia mfumo kama Proxmox, hakikisha ubao mama unakubali VT-d, au AMD-Vi kwa upande wa AMD, ili kadi iweze kukabidhiwa kompyuta hiyo. Kadi ukishaikabidhi kompyuta pepe, Jellyfin iliyo nje yake haiwezi kuigusa tena. Mshika mbili moja humponyoka: acha grafiki ya ndani ihudumie filamu, kadi ihudumie gemu. Nunua na plagi bandia ya HDMI ili kadi iamini kuna skrini. Gemu kama Valorant hukataa kuchezwa ndani ya kompyuta pepe, hivyo kagua orodha yako mapema.

8. Piga hesabu ya LUKU

Mashine inayokula wati 60 mfululizo humaliza karibu yuniti 43 kwa mwezi. Ya wati 10 humaliza kama 7. Kwa mteja wa daraja la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inaweza kukutoa kwenye bei nafuu, nawe utaihisi kila unaponunua umeme. Uliza wati za mashine ikiwa imetulia, maana ndiyo hali yake kwa saa nyingi. Weka UPS ndogo ilinde diski umeme unapokatika, na kwenye BIOS washa kipengele cha kujiwasha umeme unaporudi.

9. Diski ya kawaida, waya mzuri

Filamu nzito ya 4K ya megabiti 80 kwa sekunde huhitaji megabaiti 10 tu, na diski ngumu ya kawaida hutoa zaidi ya mara kumi ya hapo. SSD iachie mfumo na gemu. Mara nyingi kikwazo huwa mtandao: runinga nyingi zina tundu la waya la megabiti 100, na Wi-Fi ya chumba cha mbali huyumba. Kwa gemu za kurushwa, vuta waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva, halafu hadi kwenye runinga ukiweza.

Kama bajeti ni ya kitu kimoja kwa sasa, nunua kompyuta ndogo ya kizazi cha 8 au N100, pamoja na diski kubwa. Itumie miezi michache, uone familia inatazama nini na inacheza nini. Kadi ya gemu inunuliwe siku kutakapokuwa na mchezaji anayeihitaji, na hapo utajua hasa ni ipi.